Dawa ilikuwa kabatini: kisa cha Sabrina Shannon

Jumatatu, tarehe 29 Septemba 2003, msichana wa miaka 13 alinunua chipsi za mchana kwenye mgahawa wa shule yake huko Pembroke, mji mdogo ulio kando ya mto Ottawa, mkoani Ontario, Kanada. Hakuwa mtoto wa kula ovyo. Tangu udogoni Sabrina Shannon alijua kwamba karanga, soya na maziwa vinaweza kumuua, na juu ya hayo alikuwa na pumu. Alipokuwa na miaka 10 alitengeneza kipindi cha redio kilichorushwa na CBC, shirika la utangazaji la Kanada, akisimulia kwa sauti yake mwenyewe jinsi mtoto mwenye mzio mkali anavyoishi. Kama palikuwa na mwanafunzi katika shule ile aliyezijua habari za mzio nje ndani, ni yeye.

Kesho yake alifariki dunia.

Kisa hiki nimekisoma mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nina sababu: mtoto wa kaka yangu, ambaye kwangu ni mwanangu tu, hawezi kugusa karanga, na mwaka huu kaanza bweni. Kila nikikirudia natafuta wa kulaumiwa, na kila mara namkosa. Mama alikuwa makini. Mtoto aliuliza kabla ya kula. Dawa ilikuwepo, tena hapo hapo shuleni. Hakuna aliyemlisha kwa hila. Ukishayaondoa hayo, kinachobaki mezani ni koleo la jikoni, neno moja alilolisema mtoto mwenyewe, na kabati la vitabu.

Mchana ule

Sekondari ilikuwa mpya kwake. Hata mwezi haujatimia tangu muhula uanze. Mwenye watoto wa umri huo anajua mwezi wa kwanza ulivyo: kila mmoja anatafuta wa kukaa naye, na pa kumpatia ni penye chakula. Sabrina alimwomba mama yake ruhusa ya kununua chipsi kama wenzake. Alikwisha kuwauliza watu wa jikoni, akaambiwa zinakaangwa kwa mafuta ya mimea. Mama akaridhia. Siku chache kabla ya Jumatatu ile alizila, hakupatwa na lolote.

Akazila tena. Alasiri, akiwa darasani, pumzi ikaanza kumbana. Akasema ni pumu yake, akatoka kwenda ofisini. Sindano yake ya adrenalini, dawa ya kuokoa aliyepatwa na mzio mkali, ile ya kujidunga aina ya EpiPen, ilikuwa kwenye kabati lake la vitabu. Mtu akakimbia kuifuata. Ilipofika mkononi mwa mtu wa kuitumia, mtoto alikuwa amekwisha kuanguka, na moyo ukasimama. Akapelekwa hospitali ya watoto ya Ottawa, mwendo wa kilomita 150 hivi, na huko akakata roho tarehe 30.

Uchunguzi ulipofanywa, kidole hakikuelekezwa kwenye karanga, ambazo ndizo zinazoogopwa na wengi, wala kwenye yale mafuta aliyoyaulizia. Kilielekezwa kwenye maziwa. Mgahawa ule uliuza pia poutine, chakula kinachopendwa sana na Wakanada, na zaidi sehemu zile kwa kuwa ng'ambo ya mto ni Quebec, kwenye asili yake: chipsi zinazomwagiwa vibonge vya jibini mbichi, kisha rojo la moto juu. Chipsi za Sabrina hazikuwa na jibini hata chembe iliyoonekana. Ila koleo lililozichota, kwa uwezekano mkubwa, lilikuwa limetoka kugusa poutine ya mtu mwingine.

Koleo

Tuanze hapo, kwa sababu swali alilouliza Sabrina ndilo ambalo karibu sote tungeuliza. Zimekaangwa kwa nini? Mna karanga humu? Ni swali la vilivyomo chunguni. Na mpishi akajibu kweli tupu: mafuta ya mimea. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyeulizwa habari ya koleo.

Mpishi hufikiri kwa sufuria. Sufuria hii ya nyama, hii ya maharage, hii ya mchicha wa karanga. Kwake hivyo ni vyakula vitatu. Mwenye mzio mkali inambidi afikiri kwa mkono wa mpishi: umeshika nini, umetoka wapi, umefutwa na kitambaa kipi. Upawa uliozama kwenye mchicha wa karanga ukazamishwa kwenye maharage umevifanya vyakula viwili kuwa kimoja, hata kama jicho halioni. Kufuta kwa kitambaa hakutoshi. Protini ya chakula huondoka kwa sabuni na maji yanayotiririka, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vile vitakasa mikono vya jeli tulivyovizoea tangu wakati wa korona huua vijidudu lakini karanga huiacha pale pale kiganjani.

Kuna jingine ambalo naliona zito zaidi: zile chipsi za mara ya kwanza. Nadhani ndizo zilizomaliza hofu nyumbani. Ukishakula kitu ukasalimika, moyo unakiandika kwenye orodha ya vitu salama. Lakini mara ya kwanza haikupima chipsi; ilipima koleo la siku ile, ambalo pengine lilikuwa safi, au lilikuwa halijagusa jibini kabla ya zamu yake. Chipsi zilikuwa zile zile siku zote mbili. Kwa hiyo mtu akikuambia "mbona juzi alikula hapa hapa," amekupa habari ya juzi tu.

Kisa hiki pia kinaniondolea hamu ya suluhisho linalopendwa na wazazi wengi, la kupiga marufuku. Shule ile ingeweza kupiga marufuku karanga mpaka getini, na isingemsaidia Sabrina kitu, kwani kilichomdhuru ni maziwa. Nani atapiga marufuku maziwa shuleni? Siwabezi wanaotaka marufuku. Kwa watoto wa chekechea wanaopakana chakula mashavuni ina maana yake. Tatizo lake ni kwamba hulegeza watu. Mwalimu aliyeambiwa "shule yetu haina karanga" hana sababu ya kukumbuka sindano iko wapi.

"Ni pumu yangu"

Haya ndiyo maneno yanayonirudia usiku. Mtoto alikuwa na magonjwa mawili ambayo mlango wake wa kuingilia ni mmoja: kifua. Pumu alikuwa ameizoea. Ikibana, mtu anavuta pampu yake, anatulia, inaachia. Basi akili, hasa akili ya mtoto asiyetaka kuwa gumzo la darasa jipya, hukimbilia jina la ugonjwa usiotisha.

Ndani ya mwili mambo yalikuwa mengine. Mwenye mzio wa maziwa ana kingamwili za aina ya IgE zilizokaa tayari juu ya chembe fulani za kinga, mfano wa mitego iliyotegwa. Protini ya maziwa ikizigusa, chembe zile hupasua mizigo yao yote kwa pamoja, ikiwemo kemikali iitwayo histamini. Njia za hewa hubana na kuvimba. Mishipa ya damu hutanuka na kuvujisha maji, presha inaporomoka. Kinachomfanya mtu aanguke mara nyingi ni huku kuporomoka, hata pale ambapo wote wanaomzunguka wanatazama pumzi yake. Adrenalini hufanya kinyume cha yote hayo kwa mpigo mmoja: hufungua njia za hewa, hukaza mishipa, huusukuma moyo, na huzizuia zile chembe zisiendelee kumwaga. Pampu ya pumu hufungua kifua tu. Piriton, ambayo kwetu ndiyo ya kwanza kutolewa mkobani, hutuliza muwasho na vipele. Haifungui koo na haiinui presha. Nimeiona ikitolewa kwa imani kubwa, na wote wakakaa kusubiri ifanye kazi.

Kusubiri kwenyewe kuna kikomo chake. Daktari Richard Pumphrey wa Uingereza alikusanya habari za vifo vya mzio mkali nchini mwake, na mwaka 2000 akachapisha alichokikuta: kwa vifo vilivyotokana na chakula, muda wa kati (nusu yao chini ya hapo, nusu juu yake) tangu kula hadi pumzi au moyo kusimama ulikuwa dakika 30. Kwa kuumwa na nyuki au nyigu ulikuwa 15. Marekani nako, mwaka uliofuata, vilichapishwa vifo 32 vya mzio wa chakula vilivyochunguzwa kimoja kimoja. Wengi walikuwa vijana, karibu wote ambao habari zao zilijulikana walikuwa na pumu, na wachache mno walikuwa na adrenalini karibu wakati ule. Ukiisoma orodha ile unamwona Sabrina kabla hajafikwa na lolote: kijana, mwenye pumu, nje ya nyumbani, dawa haipo mfukoni.

Kwa hiyo kanuni wanayofundishwa walimu wa Ontario leo ni kwamba mtoto mwenye mzio mkali wa chakula akibanwa na pumzi, na kuna uwezekano kwamba amekula kilichokatazwa, adrenalini kwanza, pampu baadaye. Ukikosea, umemdunga mtoto mwenye pumu adrenalini: moyo utaenda mbio, mikono itatetemeka, ataona kichwa kinamuuma, kisha itapita. Kosa la upande wa pili halipiti. Ukipima makosa mawili kwa mizani hiyo, uamuzi unakuwa mwepesi hata kwa mwalimu wa historia ambaye hajawahi kushika sindano.

Nani amfuate mwenzake

Siku ile mtoto aliifuata ofisi, na mtu mwingine akaifuata dawa. Kila aliyeinuka alifanya jambo ambalo sote tungelifanya. Mwanafunzi akiugua, si anapelekwa ofisini? Tumekua hivyo. Hata kwetu, mtoto akisema anaumwa tumbo, mwalimu humwambia nenda kwa matroni.

Lakini mwenye mzio mkali presha yake inashuka, na damu inabaki miguuni. Akisimama au akitembezwa, moyo unakosa damu ya kusukuma. Pumphrey huyo huyo mwaka 2003, mwaka alioondoka Sabrina, aliandika juu ya watu waliokufa ghafla mara tu walipoinuliwa au kukalishwa wima. Tangu hapo maelekezo yako wazi: mlaze alipo, inua miguu yake, kama pumzi imembana sana na hawezi kulala, mkalishe huku miguu imenyooshwa, akitapika, mlaze ubavu, asisimame, hata akisema amepata nafuu. Kinachotembea ni dawa. Kinachokimbia ni miguu ya mwenye afya.

Siwezi kusema kwamba angelazwa sakafuni darasani angepona. Hakuna anayeweza kulisema hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba shule ambayo dawa ya mtoto iko kiunoni kwake haihitaji kuamua nani akimbie wapi. Kabati la vitabu ni mahali pazuri pa kuweka vitabu.

Sheria yenye jina lake

Bungeni Ontario, mbunge wa Brant, Dave Levac, alisimamia muswada wa kuwalinda wanafunzi wenye mzio mkali, na wazazi wa Sabrina wakatoka hadharani kuutetea. Ukapita mwaka 2005, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 2006, nao huitwa Sheria ya Sabrina. Nimeusoma wote, ni mfupi, kurasa chache tu.

Kila bodi ya shule inatakiwa kuwa na utaratibu wa maandishi wa kupunguza uwezekano wa watoto kukutana na kinachowadhuru, darasani na kwenye maeneo ya pamoja. Mzazi anapoandikisha mtoto lazima aulizwe habari za mzio. Hasubiriwi akumbuke kuzisema. Mkuu wa shule lazima aandae mpango wa kila mtoto peke yake, wenye dalili zake, dawa zake na wa kupigiwa simu. Wafanyakazi, na wote wanaokutana na watoto mara kwa mara, lazima wafundishwe, tena kwa kurudia. Angalia upana wa hilo neno "wote": mwenye koleo yumo.

Kifungu ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha mwalimu. Kinasema mfanyakazi wa shule akiwa na sababu ya kuamini kwamba mwanafunzi amepatwa na mzio mkali, anaweza kumdunga adrenalini hata kama hakupewa idhini mapema, na hatadaiwa fidia mahakamani kwa alilolifanya kwa nia njema, isipokuwa kwa uzembe uliopindukia. Watu wa mbali huona kifungu hicho kama maneno ya wanasheria. Aliyewahi kukaa na walimu anajua ndicho kinachoondoa baridi mikononi. Mwalimu akiambiwa "mdunge mtoto wa watu" jambo la kwanza linalomjia si dozi; ni polisi, mzazi na mkurugenzi.

Je, sheria ilitosha? Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliolinganisha shule za Ontario na za mikoa isiyokuwa na sheria, uliziona za Ontario zikifuata taratibu zaidi, ingawa mapengo yalikuwepo pande zote. Na mwaka huo huo wa 2012, mkoani humo humo, mvulana wa miaka 12, Ryan Gibbons, akafa shuleni kwa pumu. Pampu zake zilikuwa zikiwekwa ofisini, zimefungiwa, maana utaratibu wa shule haukumruhusu mtoto kutembea na dawa. Ikabidi itungwe sheria nyingine, ya mwaka 2015, inayomlazimu mkuu wa shule kumwachia mtoto mwenye pumu abebe pampu yake kwa ridhaa ya mzazi. Miaka tisa baada ya Sabrina, mlango ule ule, ufunguo ule ule, ila safari hii ugonjwa ndio uliokuwa na jina jingine. Watunga sheria waliandika "mzio". Shule ikasoma "mzio", ikaishia hapo.

Kwa matroni

Sasa nirudi kwa yule wangu. Ana miaka 11, kilo 31, na karanga kwake ni kama nilivyosema. Shule aliyopelekwa sitaitaja. Ni shule nzuri, na niliyoyakuta pale ungeyakuta popote.

Orodha ya Sabrina, karanga, soya na maziwa, iliponijia akilini nikiwa nimesimama jikoni kwao, nilijikuta nacheka bila furaha. Vyote vitatu vilikuwa ndani ya sufuria moja mbele yangu: uji wa lishe. Unga wake mara nyingi huwa na mahindi, ulezi, soya na karanga, na wenye uwezo huongeza maziwa. Ndicho tunachompa mtoto dhaifu ili apate nguvu, ndicho tunachomshukuru Mungu kwamba shule inakitoa. Hakuna anayesaga unga huo akifikiria mzio, na mfuko hauna maandishi ya kusoma.

Nikaongea na mpishi, mama mtu mzima. Nikamwamkia, tukasalimiana vizuri, nikamweleza.

"Mimi karanga simpi, mwanangu," akasema. "Uji wake namkorogea wa dona peke yake, na mboga yake naipakua kabla sijatia karanga."

"Ahsante sana mama. Unaipakua kwa upawa upi?"

Akautazama upawa aliokuwa ameushika. Ulikuwa unachuruzika uji. Akautazama tena, halafu akauweka juu ya meza polepole kana kwamba ni nyoka.

Huyu mama nilimwelewa papo hapo, naye akanielewa, bila hotuba. Kazi ilikuwa kwa matroni. Dawa ipo? Ipo. Iko wapi? Kwenye kabati la dawa, chumba cha huduma ya kwanza. Naomba kuiona. Kabati lilikuwa na kufuli, kama inavyotakiwa, maana watoto wa bweni hawakawii kula dawa kama peremende. Ufunguo anao nani? Anao matroni wa zamu. Na matroni wa zamu alikuwa yupi? Mwenzake, ambaye asubuhi ile alikuwa ameenda sokoni, na ufunguo ulikuwa ndani ya pochi yake.

Sikumkasirikia mtu. Nilimsimulia tu habari za Pembroke. Akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: kwamba mtoto akivimba midomo, wao kwa kawaida humpa maziwa. "Tunajua labda kala kitu kibaya, maziwa yanaua sumu." Hilo nimelisikia toka kwa bibi yangu. Nikafikiria mtoto mwenye mzio wa maziwa, kavimba, na watu wema wamemshika kichwa wanamnywesha kikombe kizima.

Dawa yenyewe kwetu ina shida zake. Sindano za kujidunga si kitu unachokikuta duka lolote la dawa. Adrenalini ya vichupa ipo, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na hospitali yoyote huwa nayo, lakini ni ya kuvunja shingo ya kioo, kuvuta kwa bomba, kupima, kisha kudunga kwenye msuli wa paja, ubavuni, katikati. Wakanada walilipima hilo mwaka 2001: wazazi waliofundishwa walichukua zaidi ya dakika mbili kwa wastani kuandaa dozi, wauguzi chini ya dakika moja. Na dozi za wazazi zilikosea vibaya mno. Daktari wa mtoto wetu alituandikia vichupa viwili na mabomba madogo ya mililita moja, akachora kwa kalamu ya wino mzito mstari kwenye 0.3. Kwa kilo zake, huo ndio ujazo wake. Mtoto mwingine ana mstari wake, na huo ni wa kuchorwa na daktari wake. Akatuonya pia juu ya joto: isiwekwe dirishani, isiwekwe friji, ikibadilika rangi kuwa ya chai itupwe.

Tulifanya mazoezi. Mkuu wa shule, ambaye mwanzoni alidhani namletea maneno ya kizungu, ndiye aliyeshika saa ya simu. Mara ya kwanza, tangu kijana mmoja aliyejifanya mgonjwa alale sakafuni darasa la tano mpaka bomba (tulitia maji) liwe tayari kwenye mto wa kitanda tuliofanya ndio paja lake: dakika saba na sekunde kumi. Ufunguo pekee ulikula nne. Mara ya pili mfuko ulikuwa umening'inia kwenye msumari karibu na ubao, ndani yake vichupa, mabomba, karatasi moja yenye picha yake na namba za simu. Dakika moja na sekunde hamsini, na hapo mwalimu alikivunja vibaya kichupa cha kwanza akatumia cha pili. Ndiyo maana vipo viwili, ingawa kazi yake hasa ni nyingine: dakika tano zikipita bila nafuu, dozi inarudiwa, na gari la hospitali liwe limeshaitwa tangu ile ya kwanza, kwani dalili huweza kurudi saa kadhaa baada ya mtu kuonekana mzima.

Mkuu wa shule akauliza kama anaweza kushtakiwa. Sikuwa na kifungu cha kumsomea. Tukaandika barua, wazazi wakaweka sahihi, daktari akagonga muhuri, nakala moja ikaingia kwenye faili na nyingine kwenye ule mfuko. Ndiyo sheria tuliyokuwa nayo.

Likizo fupi ilipofika nikamuuliza mwenyewe anaendeleaje. Upawa wake, akasema, umefungwa uzi mwekundu, na mpishi hamruhusu mtu kuugusa, hata mwalimu wa zamu aliwahi kupigwa kibao cha mkono. Wenzake wanajua? Wote. Mmoja alimchokoza kwa kashata wiki ya kwanza, akaitwa ofisini na baba yake.

Na mfuko anatembea nao? Anatembea nao, ila kwenye mpira unamgonga-gonga kiunoni.

"Kwa hiyo unauacha wapi?"

"Namwachia golikipa, shangazi. Anautundika kwenye nguzo."

Nikamuuliza golikipa anajua kuna nini ndani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama mpira ni wa mviringo. Golikipa, akasema, ndiye yule aliyejifanya mgonjwa siku ile.